Kanda Chafu za Marehemu Eber

Saa mbili asubuhi ya Jumapili, manyunyu yanaanguka juu ya gulio la mtaa wa Tristán Narvaja, Montevideo, na Zulma Peyrallo anagombana na nailoni. Akiivuta upande huu, upepo unaifunua upande ule. Chini ya nailoni hiyo ndiko iliko biashara yake yote: makasha matatu ya kanda za video na diski za vipindi vya runinga vya zamani, vile vya picha nyeusi na nyeupe.

"Doña Zulma, ziache zilowe tu!" anapaza sauti Cacho, jirani yake wa meza ya pili, muuza mabomba ya maji yaliyokwishatumika. "Wateja wako wameshazoea kuona chenga."

"Na mabomba yako yameshazoea kutu, mbona unayafuta kutwa nzima?"

"Nayafuta yapate wachumba."

"Basi jifute na wewe."

Cacho anacheka mpaka anakohoa. Wametaniana hivi miaka nenda rudi, na anayedhani wanagombana basi huyo ni mgeni wa gulio.

Zulma ana miaka sabini na mbili. Ni mfupi, mwepesi wa miguu, na miwani yake ameifungia kamba ya kiatu isianguke. Nyuma yake kimeegemezwa kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: VIPINDI VYA ZAMANI. KANDA SAFI. BILA MATANGAZO. Kibao hicho alikuwa akikionea fahari kubwa. Tangu mwezi wa tano, anasema, akikitazama anajisikia vibaya.

Mteja wa kwanza anafika na mwavuli. Ni bibi mmoja mwenye kanzu ya mvua, anatafuta mwendelezo wa tamthilia aliyoitazama alipokuwa msichana.

"Mwaka wa tatu umeshatoka kwenye diski?"

"Haujatoka, mama yangu."

"Si uliniambia watatoa?"

"Waliniambia mimi, nami nikakwambia wewe. Tumedanganywa wote wawili."

Bibi anaguna, ananunua mwaka wa pili ambao tayari anao nyumbani, eti diski yake imekwaruzika. Zulma anaifunga kwenye mfuko na kumwongezea nyingine ya bure. Anajua kabisa kwamba diski ya nyumbani haijakwaruzika. Bibi anakuja kwa ajili ya maongezi.

"Hiyo ndiyo hali yenyewe," Zulma anamwambia mwandishi wa makala haya, akikaa. "Kulikuwa na kampuni moja ng'ambo ya mto, Buenos Aires, ikitoa diski nzuri za vipindi vya zamani. Wakatoa mwaka wa kwanza, wakatoa wa pili, kisha kimya. Watu wakaachwa roho juu. Wapo wateja wangu waliokufa wakisubiri mwaka wa tatu. Sitanii. Nimekwenda kwenye mazishi yao."

Sababu anazijua zote. Wanunuzi wanapungua kwa kuwa wanazeeka. Vijana wakiona picha haina rangi wanadhani imeharibika. Kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la kuingizia diski. Na huko kwenye mitandao ya kulipia kila mwezi, vipindi hivyo havipo; hakuna anayejua haki zake ni za nani, na hakuna anayejisumbua kuuliza.

Zamani, Jumapili moja ilimlipia umeme wa mwezi. Leo akiuza diski kumi kwa pesos mia na hamsini kila moja, anajiona tajiri. Anayemlisha hasa ni pensheni ya marehemu mumewe, Eber.

Ukimtaja Eber, jiandae kukaa. Zulma atajaza kibuyu cha chai ya yerba kwanza, akivute kwa mrija mpaka kitoe mlio, halafu ndipo aanze.

Walikuwa na duka la kukodisha kanda katika mtaa wa La Unión. Mwaka 1986 kituo kimoja cha runinga, kwa kukosa fedha za kununua vipindi vipya, kilianza kurudia vile vya zamani kila mchana. Mashuhuri kuliko vyote kilikuwa Nyumba ya Doña Elvia, kichekesho cha mama mwenye nyumba na wapangaji wake wasiolipa kodi. Nchi nzima ilikaa chini kukitazama upya. Zulma na Eber wakaamua kukirekodi.

"Kanda tupu zilikuwa ghali ajabu. Dakika moja ya tangazo ilikuwa dakika uliyotupa," anaeleza. "Kwa hiyo unakaa mkono juu ya kitufe. Tangazo likianza, unasimamisha. Likiisha, unaachia. Mimi nilikuwa hodari, bwana. Kidole changu kilikuwa kinanusa tangazo kabla halijaanza."

Eber naye?

Zulma anatikisa kichwa, anatabasamu peke yake. "Eber alikuwa na mkono mzito. Yeye ndiye aliyekuwa akitumiminia chai. Sasa mtu anayemimina, hata nyumba iwake moto, hawezi kuacha kibuyu njiani. Tangazo linaanza, yeye kwanza anajaza maji taratibu, anageuza mrija uelekee kwangu, ananipa mkononi, halafu ndipo anakumbuka kitufe. Nilikuwa namfokea! 'Eber, umenichafulia kanda tena!' Naye anasema, 'Kunywa kabla haijapoa.'"

Ukawa ndio utaratibu wa nyumba. Kanda za Zulma ziliitwa safi, zikawekwa dukani na kunakiliwa. Kanda za Eber ziliitwa chafu, zikapandishwa kwenye kibanda cha juu ya paa, nyuma ya jiko la kuchomea nyama. Duka lilipofungwa, zile safi zikaenda gulioni. Eber alipofariki, miaka tisa iliyopita, zile chafu zikabaki kulekule.

"Sikuwa na haja nazo. Lakini nitazitupaje? Ameziandika majina kwa mkono wake."

Mwezi wa tano mwaka huu, majani yakipukutika mtaani, alikuja mezani kwake Dardo Silvera. Dardo ni kondakta mstaafu wa basi, mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya kusikika vituo viwili mbele. Siku hiyo alisema kwa sauti ndogo.

"Una Nyumba ya Doña Elvia?"

"Ninayo. Unataka sehemu ngapi?"

"Zote."

Zulma alifurahi mpaka akampunguzia bei bila kuombwa. Jumapili iliyofuata Dardo alirudi, akaziweka diski mezani moja juu ya nyingine.

"Nimezitazama zote. Mama yangu hayumo."

"Mama yako alikuwa nani? Mpishi? Yule mpangaji wa ghorofani?"

"Alikuwa yule wa biskuti."

Zulma akazitazama diski zile mezani. Alielewa papo hapo. Vipindi vile vilichezwa moja kwa moja studioni huku vikinaswa kwenye filamu, na matangazo yalikuwa humohumo ndani. Waigizaji wanasimama, taa inahamia pembeni, na pale pembeni amesimama msichana na bidhaa mkononi. Anasema maneno yake, kisha kichekesho kinaendelea. Kila mara taa ilipohamia pembeni, kidole cha Zulma kilibonyeza.

Mama yake Dardo aliitwa Iris. Alitangaza biskuti za Lucerito kwa miezi michache ya mwaka 1963, kisha akafa kwa ugonjwa wa kidole tumbo, mwanawe akiwa hajafikisha miaka miwili. Mtoto alilelewa na mama mdogo, Ofelia.

"Kila siku yangu ya kuzaliwa, mama mdogo alikuwa ananiigizia sauti yake," Dardo alimweleza. "Ananiambia, mama yako alisema hivi, alicheka hivi. Mwezi wa tatu tumemzika mama mdogo. Kipindi kiliporudiwa mwaka 1986, kila mchana nilikuwa kazini kwenye basi. Sasa hapa duniani hakuna mtu hata mmoja anayeikumbuka sauti ya mama yangu. Picha ninazo mbili. Lakini picha haisemi, doña."

Baada ya hapo Zulma hakuuza kitu siku ile. Alifunga meza akaenda zake.

"Nilimkata mimi," anasema, akikinyoosha kidole chake cha shahada mbele ya uso wa mwandishi. "Kwa kidole hiki hapa. Na nikakiandikia kibao cha kujisifu."

Aliwapigia simu wakusanyaji wenzake wote anaowajua, wa Salto, wa Paysandú, wa Rosario. Wote walikuwa nacho kipindi kile, na wote walikuwa na kanda safi. Walikuwa hodari kama yeye. Diski rasmi ya Buenos Aires nayo ilikuwa imekatwa, ili kichekesho kiende mbio. Kituo chenyewe kilishafungwa zamani, na pale ilipokuwa stoo ya filamu watu wanaegesha magari.

Ndipo akapanda juu ya paa.

Montevideo haina huruma na kanda. Unyevu wa mto unaingia kila mahali, na kibanda kile kilikuwa kimejaa ukungu mweupe. Zulma aliziteremsha kanda za Eber kwa ndoo. Kila jioni alifungua moja, akautoa utepe kwenye ganda bovu, akaupangusa kwa kitambaa laini, akauhamishia kwenye ganda zima. Kanda ya kwanza iling'atwa na deki ikachanika. Siku hiyo alilia, si kwa ajili ya Iris tu. Nyingine alizookoa zilikuwa na matangazo kweli, lakini ya watu wengine: bwana wa sigara, mama wa sabuni ya kufulia. Iris hakuonekana.

Ikabaki kanda moja. Na Alhamisi iliyopita, kabla hajaijaribu, deki yake ya mwisho ikakata mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu. Mikanda hiyo haiuzwi tena popote.

"Popote, popote," anadakia Cacho kutoka meza ya pili. "Mtu ana jirani muuza mabomba, halafu anahangaika na mpira! Nimekuletea pete za mpira saizi zote. Mojawapo lazima iingie."

"Ikiharibika deki yangu, Cacho, nakufunga hizo pete shingoni."

"Nitapendeza."

Kufikia saa sita mvua imekuwa mvua hasa, na gulio linavunjika. Zulma na Cacho, pamoja na mwandishi, wanajikuta kwenye sebule ya Zulma kule La Unión. Dardo yuko mlangoni tayari, amevaa koti la kwenda kanisani na tai. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Mvua ikinyesha nchi hii, mtu asiyekaanga maandazi haeleweki. Zulma anakaanga yale bapa yenye tundu katikati, huku Cacho amelala kifudifudi sakafuni, kichwa ndani ya deki. Pete ya kwanza inalegea. Ya pili inabana, mashine inanguruma kwa uchungu. Ya tatu Cacho anaipaka unga wa ngano kidogo, anaivalisha, anasukuma gurudumu kwa kidole.

Linazunguka.

"Mabomba oyee," anasema Cacho kwa sauti ya chini, bila kutoka sakafuni.

Zulma anawasha kwanza mashine ya kunakili. "Tukiipata, tunaipata mara moja tu. Huenda utepe usirudie." Anafuta mikono kwenye aproni, anaisukuma kanda ndani. Juu ya ganda jipya amebandika kipande cha karatasi ya zamani, mwandiko wa Eber.

Chenga. Mistari. Chenga tena. Kisha Doña Elvia anatokea, mikono kiunoni, anamdai kodi mpangaji aliyejificha kabatini. Hakuna anayecheka sebuleni. Dardo amekaa kwenye ncha ya kiti, magoti yamebanana kama ya mtoto wa shule.

Taa inahamia pembeni.

Amesimama msichana mwembamba, aproni nyeupe, nywele zimefungwa juu. Ameshika bati la biskuti.

"Mabibi na mabwana," anasema, "kabla Doña Elvia hajavunja hilo kabati, karibuni biskuti za Lucerito."

Anajaribu kufungua bati. Halifunguki. Anajaribu tena, kucha zinateleza. Hapo Iris anafanya jambo ambalo bila shaka halikuandikwa popote: anacheka. Anacheka kweli, akifunika meno kwa mgongo wa mkono.

"Jamani, bati hili lina wivu!"

"Ni wewe huyo!" Cacho anaruka kutoka sakafuni. "Dardo! Ndivyo unavyocheka! Mkono hivyohivyo!"

Mgongo wa mkono wa Dardo uko mdomoni, na machozi yanapita juu ya vidole.

Bati linafunguka. Iris anatoa biskuti moja, anainama kidogo kuelekea kamera, kama anavyoinama mtu mbele ya kitanda cha mtoto.

"Na wewe, mwanangu," anasema, "usilale kabla huja—"

Picha inaruka. Doña Elvia karudi, kabati limeshafunguka, mpangaji anakimbia. Eber alikuwa amebonyeza kitufe.

Mafuta yanatoa sauti jikoni, maandazi yanaungua.

"Kabla sijafanya nini?" anauliza Dardo.

"Kabla hujala biskuti, nini kingine," anasema Cacho.

"Cacho, nyamaza," anasema Zulma.

Amevua miwani. Huyu mwanamke aliyemfokea mumewe nusu ya maisha kwa kuchelewa, sasa haondoi macho kwenye runinga. "Nusu dakika nzima ile," anasema, "alikuwa ananimiminia mimi. Pale alipoinama Iris, pale ndipo nilipokipokea kibuyu." Anajifuta kwa ncha ya aproni. "Ah, Eber. Mara moja tu maishani umewahi kitufe, na ikawa hapo. Ungejaza na cha pili, mzee wangu. Ungejaza cha pili tu."

Utepe uligoma kurudi nyuma, kama alivyohofia. Lakini nakala ilikuwa imekamilika, na waliirudia mpaka giza likaingia. Dardo alishika birika akawa ndiye mmiminaji. Kwa desturi ya kibuyu, ukisema asante maana yake umetosheka, usipewe tena. Mchana kutwa Dardo hakulitamka neno hilo, na alipoondoka, diski ikiwa ndani ya koti upande wa moyo, alimkumbatia Zulma kwa nguvu na bado hakulisema.

Jumapili iliyofuata jua linawaka, na mtaa wa Tristán Narvaja umefurika. Kibao chekundu hakipo. Kipo kipya, rangi haijakauka vizuri: NATAFUTA KANDA CHAFU. ZENYE MATANGAZO. HATA ZIKIWA NA UKUNGU.

"Wamekuja wanne tangu asubuhi," anasema Zulma. "Mmoja kaleta sanduku la kanda za marehemu baba yake. Anaona aibu, ananiambia, doña, baba alikuwa anasinzia akirekodi, kila kitu kimo humu, mpaka taarifa ya hali ya hewa. Nikamwambia, mwanangu, huyo ndiye niliyekuwa namtafuta."

Mpango wake ni kuzipitia zote, za Eber na za watu, na kuzinakili bila kugusa kitu. Anakiri kwamba mazoea ni mabaya. Tangazo likianza, kidole kinaruka chenyewe. Kwa hiyo siku hizi, kipindi kikiwa kinapita, mkono wa kulia anaukalia.

Faida hatarajii. Anachotarajia anakieleza bila kuinua macho kwenye utepe anaoupangusa.

"Mahali fulani, Salto au Rosario, sijui, yuko mtu aliyekuwa mzito kuliko Eber. Alikuwa anamimina chai, au mtoto alikuwa analia, au alikuwa kapitiwa na usingizi. Huyo anayo sentensi iliyobaki. Nikimpata, nampelekea Dardo."

Dardo mwenyewe amekaa kwenye kiti kando ya meza, chupa ya maji ya moto kwapani. Tangu asubuhi anawaita wapita njia kwa sauti ile ya kondakta, kanda chafu, leteni kanda chafu, mpaka Cacho ameziba masikio. Anajaza kibuyu taratibu, anageuza mrija, anampa Zulma.

Zulma anakipokea, anavuta mpaka kitoe mlio, anakirudisha.

"Jaza na cha pili," anamwambia. "Hatuna haraka."